Ukuta Usio na Nyuso

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ufagio.

Msimamizi wa atelie, karakana ya rangi katika kiwanda kimoja cha madini hapa Likasi, tuliyemwita Shefu, alikuwa ameambiwa kwamba anatumiwa mchoraji aitwaye Monga, mwenye diploma ya shule ya sanaa ya Lubumbashi. Kichwani mwake Monga mwenye diploma alikuwa lazima awe na ndevu. Nilipoingia na kitambaa changu kichwani na viatu vya kuazima, aliniangalia, akaangalia nyuma yangu kama kuna mtu mwingine anakuja, kisha akaketi.

"Weye njo Monga?"

"Njo minye, Shefu."

"Banatutumia mwanamuke," akasema. Hakuwa ananiambia mimi, alikuwa anaiambia meza. "Basi, fagia mbele. Kisha tutaona."

Nilifagia. Ninyi vijana mnaokuja kwangu siku hizi na simu zenu kuniuliza usanii unaanzia wapi, mnapenda nijibu kwamba ulianzia katika ndoto, au kwa bibi yangu aliyefinyanga vyungu. Bibi yangu hakufinyanga chochote, alikuwa anauza chumvi. Usanii wangu ulianzia kwenye vumbi la sakafu ile, na haikuwa hadithi nzuri hata kidogo. Ni siku kadhaa tu baadaye ndipo Shefu alinieleza kwamba rangi haishiki penye vumbi, na kwamba hata wanaume walianza kwa kufagia. Angeweza kunieleza siku ile ile. Hakuona haja.

Kazi ya atelie ilikuwa hivi. Chuma chote kilipakwa kwanza minium, rangi nzito nyekundu-machungwa yenye risasi ndani yake, inayozuia kutu. Siku hizi wanasema ni sumu, na pengine ndiyo maana vidole vyangu vinatetemeka, lakini wakati ule tulikuwa tunakula mihogo juu ya makopo yake. Juu ya minium ilikuja rangi yenyewe, na hapo ndipo palipokuwa na sheria. Katika kiwanda chetu bomba la maji lilikuwa la kijani, la hewa ya kushindiliwa lilikuwa la samawati, la asidi lilikuwa la machungwa lenye pete nyeusi. Herufi tulipiga kwa pochoir, yaani bati lililokatwa umbo la herufi ili brashi ipite ndani yake. Mimi nilikataa pochoir. Niliandika kwa mkono, na herufi zangu zilikuwa sawa kuliko za bati. Shefu alipita na rula yake akapima, akanung'unika, akaondoka. Hiyo ndiyo sifa pekee niliyopata kwake.

Ila kuna neno moja aliniambia ambalo nililiweka. Nilikuwa nimepaka pete ya bomba la asidi kwa weusi uliochanganyika na samawati kidogo, kwa sababu jicho langu liliona inapendeza. Aliifuta yote kwa mafuta ya taa mbele ya wenzangu.

"Monga, rangi hapa haiko mapambo," akasema. "Rangi iko neno. Muntu mwenye hajue kusoma eko anapita hapa na haraka, rangi njo itamuambia kama ni maji ao ni kufa."

Nilikasirika kwa kile kitambaa chake cha mafuta ya taa, lakini usingizini neno lile lilinifuata. Kama rangi peke yake, bila picha, bila kichwa wala mkono wa mtu, inaweza kumwambia mtu maji au kifo, kwa nini picha ya ukutani ihitaji kichwa? Shuleni Lubumbashi mwalimu wetu wa uchoraji alikuwa ametuonyesha kazi za watu wa sasa wa ng'ambo, miraba na mistari, na sisi tulicheka. Sasa sikucheka. Nilianza kuchora nyumbani juu ya magunia ya unga: unalifua gunia, unalinyoosha kwenye mbao, unalipaka gundi ya wanga wa muhogo, unalipaka weupe, kisha linakuwa turubai. Nilichora kanda za rangi zilizosukumana. Hakukuwa na mtu ndani yake.

Basi yakaanza maswali, na hayajaisha mpaka leo.

"Hii iko nini?" akauliza baba.

"Ni picha, baba."

"Picha ya nini?"

Wakati ule kila sebule ya Likasi ilitaka mamba-muntu, yule mwanamke mzuri mwenye mkia wa samaki, amekaa juu ya jiwe na saa mkononi, ambaye watu walisema analeta baraka nyumbani. Wachoraji wa mtaa wetu wa Kikula waliwatoa hao mamba-muntu kama mikate. Dada yangu mkubwa, yaya Béatrice, ambaye sisi tunamwita Béa, alikuwa anauza samaki wa ziwa Tshangalele katika soko la Kikula na alijua kila kinachouzika mjini. Alisimama mbele ya magunia yangu na mikono kiunoni.

"Philo, mukono yako iko muzuri," akasema. "Ile bintu yako inakosa kichwa tu. Tia kichwa kimoja, mu kona. Kidogo tu. Minye nitauzisha."

"Sitatia kichwa, yaya."

"Basi mukia."

Nilikuwa na mchumba wakati ule, fundi wa umeme, mtu mpole. Yeye hakuuliza ni nini. Alisubiri, akidhani ni ugonjwa utakaopita. Alipoona haupiti alioa mwingine, na sina la kumlaumu. Mimi pia ningechoka.

Baada ya miaka kadhaa nilipelekwa Koni, kwenye kituo cha umeme cha mto Lufira, kwenda kupaka upya mabomba na kuandika namba za mashine. Nilitumwa kwa majuma machache nikakaa misimu. Kule nilikuwa mwanamke peke yangu miongoni mwa mafundi, nikapewa chumba karibu na stoo, na huo ndio wakati niliofanya kazi vizuri kuliko wote. Kuna bomba kubwa sana linaloshuka na maji ya mto mpaka kwenye turbini, mafundi wanaliita conduite forcée. Maji yenyewe huyaoni. Unaweka kiganja juu ya chuma na unahisi mlima mzima unapita ndani. Nilichora hilo. Nililichora tena na tena, wima, kwa kijivu na kijani, kwa glacis, yaani rangi iliyozimuliwa mpaka iwe nyepesi kama chai na kulazwa juu ya nyingine iliyokauka, ili ya chini ionekane kwa mbali.

Shefu wa kituo, injenieri mmoja mfupi aliyekuwa haongei, alipita mlangoni kwangu siku moja akasimama. Nilijitayarisha kwa lile swali. Nilikuwa nimeshakunja uso.

Aliangalia muda mrefu, halafu akasema, "Ile iko na presha."

Akaenda zake. Katika maisha yangu yote ya rangi, nimesikia maneno mengi ya kusifu kutoka kwa watu waliosoma kusifu, na yote nimeyasahau. Hayo manne ninayo.

Kisha kampuni yenye kiwanda chetu ikaanguka, kama mnavyojua, wazazi wenu waliwasimulia. Niliitwa kutoka Koni nikakuta atelie imebaki na Shefu na paka. Asubuhi moja Shefu alifunga mlango, akatia ufunguo mfukoni, akaenda kulima mahindi, na sikumwona tena amevaa viatu vya kazi.

Mimi nilipata nafasi ya kufundisha kuchora katika shule ya wasichana ya masista. Mkuu wa shule, Ma Sœur Préfète tuliyemwita, alikuwa mwanamke wa haki na wa kufuata saa. Aliniheshimu. Lakini alikuwa na imani moja katika sanaa, nayo ilikuwa kikombe. Mtoto wa mwaka wa kwanza achore kikombe. Wa mwaka wa pili achore kikombe na kivuli chake. Wa mwaka wa tatu, kikombe, kivuli na chungwa.

Nilijaribu. Niliwapa wasichana karatasi nikawaambia wachore kelele ya mvua juu ya bati bila kuchora mvua wala bati. Walifanya mambo ya ajabu, wale watoto, ambayo mimi mwenyewe nisingeyaweza. Juma lililofuata Ma Sœur aliniita ofisini. Wazazi walikuwa wamekuja, hasa baba mmoja mchungaji wa kanisa la uamsho, kusema kwamba binti yake analeta nyumbani makaratasi yenye alama zisizojulikana, na kwamba alama zisizojulikana si za Mungu.

"Mama Philo," Ma Sœur akasema, "mimi ninakuelewa."

Hakunielewa.

"Lakini kikombe ni kikombe. Kikombe hakiwezi kutuletea mchungaji ofisini."

Nikafundisha kikombe. Nilifundisha kikombe mpaka pensheni. Nikiota ndoto mbaya leo, naona kikombe.

Siku za mapumziko nilichora yangu. Mara moja waandaaji wa maonyesho ya Lubumbashi walinialika, nikapanda basi na turubai zangu zimefungwa katika kitenge. Nilipofika ukumbini siku ya ufunguzi, moja walikuwa wameitundika kichwa chini. Nilimwambia bwana mhusika, kijana nadhifu mwenye tai.

"Mama, nani atajua?" akasema kwa upole.

"Minye nitajua."

Waliigeuza, baada ya hotuba. Katika hotuba aliniita mwanamke wa kisasa katika uchoraji wa Katanga, jambo ambalo lilinifurahisha hadi aliposema kwamba kazi zangu zinaonyesha mateso ya mama wa Kiafrika anapotwanga unga. Ilikuwa conduite forcée.

Ninawaeleza haya ili mjue nilikuwa mtu wa namna gani lilipotokea lile la ukuta. Nilikuwa nimechoka kuulizwa. Nilikuwa nimekuwa mgumu, na nilidhani ugumu ni nguvu.

Yaya Béa alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, Floribert, Flory wetu. Alimaliza sekondari vizuri, akakaa nyumbani, akatafuta kazi mpaka soli zikaisha, kisha akafuata wenzake kwenye vilima nje ya mji kuchimba. Wachimbaji hao tunawaita creuseurs. Wanashuka kwenye mashimo membamba kwa kamba na tochi, wanafuata mshipa wa jiwe jeusi lenye kobalti, na ardhi juu yao haina nguzo. Béa alimkataza. Mimi nilimkataza. Alitucheka kwa heshima, akisema ni msimu mmoja tu, aanzishe biashara.

Mvua ilinyesha mfululizo na kilima kikashuka. Flory na wenzake walikuwa chini. Watu walichimba kwa majembe, kwa mikono, kwa masahani, lakini udongo ulikuwa bado unatembea, na mwishowe wakubwa wakafunga mahali pale wasije wakafa na waokoaji. Hakuna hata mmoja aliyetolewa. Tulifanya kilio bila mwili. Hamjui jambo hilo kama hamjalipitia: wanawake wanakaa chini, wanalia, na katikati ya chumba, pale ambapo angelala, kuna mkeka mtupu.

Miezi ilipita. Padri mkuu wa parokia yetu ya Kikula, Abbé tunavyowaita, alikuja kwangu. Katika kanisa kulikuwa na kikanisa kidogo cha pembeni chenye ukuta mweupe mkubwa, naye alitaka hapo pawe ukumbusho wa wale waliozikwa na kilima, kwa kuwa hawakuwa na kaburi.

"Mama Philo, chora kile Mungu atakupa," akaniambia.

Nadhani alijuta sentensi hiyo baadaye.

Nilikwenda kwenye kilima. Pale kilipokatika, ardhi ilikuwa wazi kama mkate uliokatwa: juu majani, kisha udongo mwekundu, kisha wa manjano, kisha kijani cha jiwe la malakiti, kisha weusi. Nilichukua kila udongo katika mifuko. Niliusaga kwenye kinu, nikauchekecha kwa kitambaa, nikauchanganya na mafuta ya kitani. Kiangazi chote nilipanda jukwaa la miti na kushuka, nikaulaza udongo ule ukutani tabaka juu ya tabaka, kutoka dari mpaka sakafu, rangi ya ardhi kwa ardhi yenyewe. Niliufunika ukuta kwa mashuka kila nikiondoka. Ilikuwa kazi bora ya maisha yangu, na nilijua.

Walifunua baada ya misa ya Jumapili. Familia zote zilikuwepo. Kukawa kimya. Nilidhani ni kimya cha kuguswa.

Rais wa baraza la parokia, mzee wa reli mwenye sauti ya upole, alikohoa. "Mama, kazi iko muzuri sana. Tunakushukuru. Sasa bantu utabaweka siku gani?"

"Imekwisha, papa."

"Imekwisha?"

"Imekwisha."

Basi ikawa kama mmevunja mzinga wa nyuki. Beko wapi? Batoto yetu beko wapi? Mwingine akasema ni shamba. Mwingine akasema ni dharau. Rais wa baraza alinijulisha, kwa upole ule ule, kwamba kuna kijana mmoja pale sokoni anayechora sura kutoka kwenye picha ya kitambulisho, anaweza kuwapanga juu ya udongo wangu, wakiwa na kofia za kazi na mwanga kuzunguka vichwa. Nilimwambia akigusa ukuta ule nitamsukuma kutoka kwenye jukwaa. Abbé aliangalia viatu vyake. Yaya Béa sikumwona. Alikuwa ameshatoka nje.

Kesho yake alikuja nyumbani kwangu kutoka sokoni, akaweka beseni lake la samaki mlangoni na hakuketi.

"Ulinichorea shimo," akasema.

"Yaya, si shimo. Ni..."

"Ni shimo. Minye kila mara nikifunga macho ninaonaka ile shimo. Ninaomba Mungu aitoe mu macho yangu. Na weye ulienda kuichora tena, mukubwa, mu kanisa, fasi ninakwendaka kuomba."

Mtu asiye na jibu huongea sana. Nilimwambia sura ya kitambulisho si sura ya Flory. Nilimwambia kwamba kijana wa sokoni angempa pua ya mtu yeyote na macho ya mtu yeyote, na baada ya miaka michache yeye mama angeanza kumkumbuka mtoto wa rangi na kumsahau mtoto wake. Nilimwambia kwamba sijui kuchora uongo. Nilisema maneno ya shule ya Lubumbashi kwa mwanamke aliyefiwa, amesimama na harufu ya samaki mikononi, na sikuweza kunyamaza.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, akiwa amechoka nami kabisa, "Weye unajuaka mistari. Tangu zamani ni mistari tu. Basi chora murefu yake."

"Nini?"

"Murefu yake. Alikuwaka anafika wapi. Ile unaweza, ao ile pia ni uongo?"

Tulikwenda kanisani mchana ule ule, beseni tukaliacha kwa jirani. Béa alisimama akiugusa ukuta kwa bega, akainua mkono juu ya kichwa chake. "Hapa. Hapana, juu kidogo. Mulango ya cuisine yangu ilikuwaka inamugusa nywele, alikuwaka anainama hivi." Akainama, akimwiga, na kwa mara ya kwanza tangu kilio nilimwona Flory anaingia jikoni kuiba samaki wa kukaanga. "Hapa," akasema, na mkono wake ukabaki pale.

Nilishusha timazi, ule uzi wenye risasi unaoonyesha wima, kutoka kwenye kiganja chake mpaka chini. Nikakwangua. Nilikwangua udongo wangu mwenyewe, tabaka niliyoilaza kiangazi chote, mpaka kwenye plasta nyeupe, mstari mwembamba uliosimama, kutoka sakafuni mpaka mkononi kwa dada yangu.

"Rangi gani?" nikauliza.

"Manjano. Ile ya chemise yake."

Nililijua shati lile. Lilikuwa la manjano ya kupiga kelele, ya plastiki. "Yaya, manjano ile itaua kijani yangu yote."

"Basi ife."

Niliipaka. Iliua kijani, kama nilivyosema. Mpaka leo nikiingia kwa mlango wa pembeni ninaona mahali ambapo kijani kingebaki kizima kama angechagua hudhurungi. Sijasema kwamba alikosea. Nimesema ninaona.

Habari ilitembea sokoni, na Jumamosi walikuja wengine. Mama mmoja alimwongezea mtoto wake kimo, mke wa marehemu akasema hapana, mama, alikuwa mufupi, minye nilikuwa nalala naye, wakagombana pale mbele ya altari mpaka Abbé akatoka kuwanyamazisha. Baba mmoja hakujua kimo cha mwanaye, alikuwa amemwona mara ya mwisho akiwa mtoto. Aliomba nichore wa mtoto. Mwingine alitaka mistari miwili, kwa sababu walikuwa mapacha. Mmoja alitaka rangi ya timu ya mpira, mistari nyeusi na nyeupe, na nilimwambia mstari hauwezi kuwa na mistari, naye akalia, nikaufanya. Kila mmoja alikuwa na rangi yake na kila rangi ilikuwa ya makosa. Nilikuwa ninapaka huku ninasaga meno. Kazi bora ya maisha yangu ilikuwa inaharibiwa mbele ya macho yangu, kwa mkono wangu, na watu waliokuwa wananishukuru.

Rais wa baraza alipita, akaangalia, akauliza, "Sasa hii iko nini?"

Kabla sijafungua kinywa, yule mama wa mapacha alimjibu. "Ni batoto, papa. Hauone?"

Hakuna aliyemwita tena kijana wa sokoni.

Miaka baadaye alikuja Abbé mwingine, mpenda usafi, aliyetaka kufunika ukuta ule kwa vigae vyeupe kwa sababu udongo ulikuwa unadondoka. Mafundi walifika na vigae vyao, wakakuta wanawake wamekaa chini, migongo ukutani, kila mmoja chini ya mstari wake, wanachambua maharagwe. Hawakuimba, hawakubeba mabango. Walichambua maharagwe mpaka mafundi wakaondoka, na kesho yake wakaja tena, hadi Abbé akavipeleka vigae vyake chooni. Ningependa kuwaambia kwamba niliwaongoza. Mimi sikuwepo. Nilikuwa shuleni, ninafundisha kikombe.

Sasa nimestaafu. Masista walinifanyia sherehe wakanipa kitenge na saa ya ukutani. Jicho moja lina ukungu. Wanakuja vijana wa chuo kikuu kutoka Lubumbashi, wakati mwingine na wageni wao wa mbali, wanapiga picha ukuta, wananiuliza nililitoa wapi wazo la mistari ile na ujumbe wake ni upi. Ninawaambia wazo si langu, waende soko la Kikula wakamuulize muuza samaki. Wanatabasamu wakidhani ni unyenyekevu wa msanii, na wanaandika kwamba mimi ni mnyenyekevu. Nimekata tamaa ya kuwasahihisha.

Wale mnaotaka kazi hii kweli, nitawaambia machache. Fueni brashi kabla hamjala. Gunia lisilopakwa gundi litakunywa mafuta na kuoza. Mkiulizwa ni nini, msikunje uso kama nilivyokunja mimi, inachosha misuli na haifundishi mtu. Na msidhani kwamba kwa kuwa watu hawaoni mnachokiona, basi wao hawaoni kitu. Hilo nililijua nikiwa nimechelewa, na bado silipendi.

Kila mwaka, kabla ya sikukuu ya marehemu, ninakwenda kurekebisha mistari, kwa sababu watu wanaigusa na rangi inatoka, hasa kule juu ambako mikono inafika. Mwaka huu nilikuwa nimemaliza ule wa Flory, kwa timazi na kwa manjano ile ile mbaya, Béa alipoingia na fimbo yake. Hauzi samaki tena, mgongo umekataa. Alisimama mahali pake, akaegemeza bega, akainua mkono. Mkono haukufika.

"Philo, uliongeza," akasema.

"Sikuongeza, yaya. Ni palepale."

"Uliongeza. Mwaka ilipita nilikuwa ninafika."

Nilikuwa na timazi mkononi. Alama ya zamani kwenye plasta ilionekana wazi, ningeweza kumwonyesha. Ningeweza kumwambia kwamba ukuta haujasogea, kwamba ni yeye anayepungua, kama mimi, kama kila mtu wa umri wetu. Maisha yangu yote nimebishana kwa mambo madogo kuliko hayo.

Béa alikuwa anaangalia juu, mkono ukiwa hewani, na hakuwa amekasirika.

"Eko anarefuka," akasema. "Ona. Eko anarefuka tu."

Nikafunga kopo la rangi. "Njo vile, yaya," nikamwambia. "Ninaona."